Kuku Alisafiri, Banda Likabaki

Katika kijiji cha Adamsville, mji mdogo wa Little Compton, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, kuna jiwe lenye bamba la shaba ambalo halikuwekwa kwa heshima ya jenerali wala mchungaji. Liliwekwa mwaka 1925 kwa heshima ya kuku. Kuku mwenyewe ni Rhode Island Red, yule mwekundu wa kukolea mwenye mkia mweusi unaong'aa kijani akisimama juani, ambaye wafugaji wa Kenya na Tanzania wamemzoea kwa vizazi kadhaa. Damu yake imo katika chotara wengi wanaochakura nyuma ya nyumba za Afrika Mashariki leo, hata kama mwenye kuku hajui Rhode Island iko upande gani wa dunia.

Bamba linamsifu ndege. Nyumba alimokulia haikuwekewa jiwe.

Little Compton ni kipande cha nchi kilichochomoza baharini, chenye mashamba yaliyogawanywa kwa kuta za mawe na upepo wa Atlantiki usiochoka. Katikati ya karne ya 19 wakulima wa huko walikuwa jirani na miji ya viwanda na bandari: Fall River, New Bedford, Providence. Watu wa viwandani hawakuwa na nafasi ya kufuga, lakini mayai waliyataka. Wakulima wakaongeza kuku, na walipoongeza wakakutana na swali ambalo kila mfugaji hulijua. Kuku kumi hujitafutia wenyewe. Kuku elfu moja ukiwafungia mahali pamoja, baada ya msimu mmoja ardhi inakuwa upara, inanuka, na vifaranga wanaanza kufa.

Jibu lao lilikuwa la kikulima kabisa. Badala ya banda moja kubwa, walijenga vibanda vingi vidogo, vya futi 8 kwa 12 hivi, kila kimoja cha kuku thelathini na kitu, wakavitawanya katika malisho yaleyale walimolishia ng'ombe. Uzio haukuwepo. Asubuhi farasi alikokota mkokoteni wenye uji mzito wa pumba na unga wa mahindi kutoka kibanda hadi kibanda; alasiri mkokoteni ulipita tena, safari hii ukigawa nafaka na kukusanya mayai. Kuku hawakupotea, kwa sababu kuku hurudi alikolala jana. Kibanda kilichowekwa mbali vya kutosha na jirani yake kilijilindia wapangaji wake chenyewe, na shamba lilipohitaji kulimwa, vibanda vilivutwa vikapelekwa kwingine.

Ndimo alimotokea Rhode Island Red. Inasimuliwa kwamba mwaka 1854 William Tripp, mkulima wa Little Compton, alimnunua jogoo mwekundu wa jamii ya Malay kutoka kwa baharia bandarini New Bedford, akamwachia matetea wake. Vifaranga walikua wakubwa na kutaga vizuri kuliko wenzao. Tripp akaendelea kuchagua, akisaidiana na John Macomber wa mji jirani wa Westport. Jina la Rhode Island Red likaja baadaye, na aliyepewa sifa ya kulibuni ni Isaac Wilbour, mfugaji mwenye kuku wengi kuliko wote pale mjini. Mwaka 1904 chama cha wafugaji wa Marekani kikamtambua kuku huyo rasmi kama aina kamili.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akisikia habari ya jogoo wa Tripp hawezi kukosa kutabasamu. Kuku wa jamii ya Malay, mrefu, mwenye shingo kama ya mbuni na hasira za mgambo, ni binamu wa karibu wa kuchi, yule kuku wa kupiganisha ambaye Unguja, Pemba na Mombasa wanamjua tangu zamani. Meli za Massachusetts zilifika Unguja pia katika miaka hiyohiyo, zikiuza kile kitambaa cha pamba kilichobaki na jina la merikani hadi leo. Ndege wa Bahari ya Hindi alipanda meli akaenda Amerika, wajukuu wake wakarudi Bahari ya Hindi miaka mia baadaye wakiwa na jina la Kizungu.

Wakulima wa Little Compton hawakuwa wa kwanza kutawanya kuku shambani. Ufaransa ilikuwa na banda la magurudumu katika karne hiyohiyo ya 19: gari zima, wakati mwingine basi bovu la farasi, lilijazwa kuku likavutwa hadi nyuma ya jembe, ili kuku wale mabuu meupe ya mbawakawa yaliyofukuliwa. Uingereza nako ilikuwa desturi baada ya mavuno kuvuta kibanda cha magurudumu hadi kwenye mabua ya ngano, kuku wakaokota punje zilizodondoka. Punje za bure kwa mwezi mzima si haba. Huko Petaluma, California, mji uliojiita kikapu cha mayai cha dunia baada ya Lyman Byce kuanza kuuza mashine zake za kutotolea mwaka 1879, vibanda vya mwanzo viliwekwa juu ya magogo mawili yaliyochongwa ncha kama mtumbwi, farasi akaviburuta kwenda kwenye udongo mpya.

Mtu aliyeyatazama mambo haya kwa jicho kali alikuwa Milo Hastings, mtaalamu wa kuku aliyepata kufanya kazi Kansas na katika wizara ya kilimo ya Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1909, The Dollar Hen, ni cha mtu aliyechoshwa na matajiri wa mjini wanaojenga mahekalu ya kuku halafu wanafilisika. Alikwenda kutazama wanaopata faida kweli, akawakuta Little Compton na Petaluma, wenye vibanda vya bei ya chini na ardhi ya kutosha. Hastings baadaye aliandika hadithi za kubuni za mambo yajayo, lakini juu ya kuku alikuwa na akili ya muuza duka.

Kwa nini kuhama kulifaa? Wakulima walijua kwa macho tu. Sababu ilieleweka polepole. Kuku mtagaji hutoa karibu gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku. Kuku 25 ni kilo mbili na nusu kila siku, na katika uwanja usiohama kinyesi hicho ndicho sakafu, ndicho sahani. Humo hukaa minyoo, na humo hukaa kimelea cha Eimeria, kinacholeta koksidiosisi, ule ugonjwa ambao wafugaji wengi huuita kuhara damu kwa sababu ndivyo unavyoonekana: kifaranga amejikunja, mabawa chini, kinyesi chekundu.

Kimelea hiki kina udhaifu mmoja mzuri. Yai lake likitoka kwenye kinyesi halijakomaa. Linahitaji joto, unyevu na hewa kwa siku moja au mbili kabla ya kuwa na uwezo wa kumwambukiza kuku mwingine. Banda likisogezwa kila asubuhi, yai linakomaa kwenye nyasi ambazo hakuna tena anayezidonoa. Wafugaji wa zamani, bila darubini, walikuwa wanashinda mbio za saa 24 wasizojua kwamba wanakimbia.

Uingereza ndiko mbio hizo zilikokimbiwa kwa ukamilifu zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi wengi waliorudi walitumia akiba yao kuanzisha mashamba madogo ya kuku, wakazungushia wavu viwanja vya kudumu, na kufikia miaka ya 1930 Waingereza walikuwa na msemo maalumu wa ardhi iliyougua kwa sababu ya kuku. Wakati huohuo huko Wexcombe, kwenye vilima vya chokaa vya Wiltshire, A. J. Hosier alikuwa ameshawashangaza majirani kwa kutengeneza, mwaka 1922, banda la kukamulia ng'ombe lenye magurudumu. Badala ya kuwaleta ng'ombe nyumbani na kurudisha samadi shambani kwa mkokoteni, alipeleka banda la kukamulia kondeni, na samadi ikaanguka palepale ilipohitajika. Hesabu yake ilikuwa ya mtu anayelipa mishahara: kila kitu kinachoweza kujibeba kisibebwe na kibarua.

Wazo hilo lilihamia kwa kuku. Waingereza kwa karne nyingi walikuwa wamelaza kondoo ndani ya zizi la fito linalohamishwa kila siku ili kurutubisha ngano. Sasa jina la zizi hilo likapewa kibanda cha kuku. Umbo lake lilikuwa kama hema: kuta mbili zinazokutana juu, nusu ya nyuma ikiwa ya mbao, yenye vijiti vya kulalia na viota vinavyofunguliwa kutoka nje, nusu ya mbele ikiwa wavu mtupu usio na sakafu. Humo walikaa kuku 20 hadi 25. Asubuhi mtu alishika mikono ya upande mmoja, akainua kama anayeinua toroli, akasogeza banda urefu wake mmoja, akabadilisha maji, akaweka chakula, akaenda la pili. Vibanda mia vilivyopangwa mstari vilitambaa juu ya malisho kama jeshi la konokono, vikiacha nyuma ukanda wa kijani kibichi ulioonekana kutoka kilima cha pili.

Kazi hiyo ina siri zake, na anayejenga kwa mara ya kwanza huzijua kwa kuumia. Uzito ndio unaotangulia. Banda zito haliendi, na banda jepesi huruka na upepo; ndiyo maana mafundi waliliweka chini, likafika kiunoni tu. Ubao wa nyuma ndio hatari zaidi, kwa sababu kuku mzembe hubaki nyuma na mguu wake hubanwa. Mwenye uzoefu husogeza hatua moja, husimama akasikiliza, kisha humalizia. Siku za kwanza kuku hurundikana kona ya nyuma na kupiga mayowe kana kwamba wanachinjwa. Baada ya wiki moja hivi wanajifunza, na banda linapotikisika wao ndio wanaotangulia, midomo imeshafika kwenye majani mapya kabla ya magurudumu kusimama. Halafu kuna mabonde ya ardhi. Mahali udongo ulipobonyea, chini ya ubao hubaki uwazi wa vidole vinne, na vidole vinne ni mlango wa kutosha kwa mbweha wa Ulaya kuanza kuchimba, na ni mlango mkubwa mno kwa kicheche wa Afrika.

Vita vya Pili vya Dunia vilikileta kibanda hicho mjini. Mgawo wa mayai Uingereza ulishuka hadi yai moja kwa mtu kwa wiki, na mara nyingine hata hilo halikupatikana. Familia iliyokubali kuacha mgawo wake wa dukani ilipewa kibali cha kununua unga wa kulishia kuku, wakauchanganya na maganda ya viazi na makombo ya mezani. Bustani za maua zikapata wapangaji. Marekani ilikuwa imefanya hivyo katika vita vilivyotangulia: mwaka 1918 serikali ilibandika mabango ikiwataka raia wafuge matetea wawili nyuma ya nyumba kwa kila mtu aliyemo ndani.

Basi kilichosimamisha magurudumu ni nini? Kwa sehemu kubwa, chupa mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya ini la samaki. Kabla ya miaka ya 1920, kifaranga aliyefungiwa ndani majira yote ya baridi alipata matege, miguu ikapinda, akafa. Hilo pekee liliwalazimisha wafugaji kutoa kuku nje. Vitamini D ilipogunduliwa, ikajulikana kwamba mafuta hayo yanafanya kazi ya jua, na mlango wa banda ukaweza kufungwa mwaka mzima. Mwaka 1923, Celia Steele wa Ocean View, Delaware, aliagiza vifaranga 50 akaletewa 500 kwa makosa. Hakuwarudisha. Aliwakuza ndani, akawauza kwa nyama, akapata faida, na miaka mitatu baadaye alikuwa na nafasi ya kuku 10,000. Chupa ya pili ilikuwa sulfakwinoksalini, dawa iliyoanza kuchanganywa katika chakula cha kuku mwaka 1948 ili kuzuia koksidiosisi. Jua likawa ndani ya gunia la chakula, na ardhi safi nayo ikawa ndani ya gunia. Mtu wa kusogeza vibanda mia kila asubuhi akaonekana gharama isiyo na maelezo.

Hapo ndipo Rhode Island Red alipokuwa akianza kugawiwa kwa wingi Afrika Mashariki, na hiyo ndiyo sababu alifika bila nyumba yake.

Kuku hakuwa mgeni huku. Mifupa yake ya karne ya 7 na baadaye inachimbuliwa katika miji ya kale ya pwani, na watu walikuwa na namna zao za kumlaza: tundu la fito lililoinuliwa juu ya nguzo, kizimba cha udongo kando ya nyumba, au jikoni tu, kwenye pembe yenye joto la mafiga. Mgeni akiona kuku jikoni hukunja pua. Lakini Columella, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliwashauri wakulima wa Italia wajenge nyumba ya kuku jirani na tanuri au jiko, kusudi moshi uwafikie, akiamini unawapa afya.

Kitu kilichohama kilikuwepo pia. Kuku mwenye vifaranga wachanga hufunikwa kwa tenga uani, mwewe asiwafikie, wala wale kunguru wa Kihindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea pwani nzima. Jua likizunguka, tenga linasogezwa kivulini. Pakichafuka, linasogezwa tena. Mama anayefanya hivyo kwa mguu mmoja huku mkono ukiwa kwenye mwiko wa ugali hajawahi kuambiwa kwamba anaendesha mfumo wa ufugaji, lakini kanuni ni ileile ya Wiltshire, na zana yake ni nyepesi zaidi. Kwa kuku wakubwa kulikuwa na kamba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema Waswahili, na kamba hiyo hufungwa leo kwenye mchungwa, kesho kwenye nguzo ya baraza.

Maofisa mifugo wa kikoloni, na baada yao wa serikali huru, waliyaona haya kama mambo ya kuachwa. Walileta majogoo. Mfugaji alitoa jogoo wake wa kienyeji akapewa mwekundu, ili vifaranga wa mwaka unaofuata wawe na miili na mayai yawe mengi. Ushauri ulioambatana na jogoo ulihusu banda la kudumu: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua lisipige ndani, sakafu ya saruji, maranda ya mbao, wavu juu, mabati. Ushauri huo haukuwa mbaya. Ulikuwa ushauri wa miaka ya baada ya 1948, uliotolewa na watu waliofundishwa katika miaka hiyo, na ulidhani duka la dawa liko karibu. Palipokuwa hakuna duka, chotara aliyefungiwa kwenye sakafu yenye unyevu aliugua kuhara damu ambako kuku wa kienyeji wa nje, mwenye mayai machache, aliendelea na safari zake.

Banda la kuhama lenyewe lisisingiziwe miujiza. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauzuiliki kwa kusogeza kitu chochote. Virusi vyake huja na upepo, viatu, tenga la mchuuzi wa kuku. Kilichosaidia vijijini ni chanjo, hasa ile ya I-2 inayovumilia joto, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na ambayo humwingia kuku kwa tone moja tu la jicho.

Magurudumu yalianza kuzunguka tena mwishoni mwa karne ya 20, kwa watu wasiotaka zile chupa. Joel Salatin, ambaye wazazi wake walinunua shamba lililochakaa huko Swoope, Virginia, mwaka 1961, aliandika mwaka 1993 namna anavyokuza kuku wa nyama katika vibanda vya futi 10 kwa 12, vyenye kimo cha futi 2 tu, vinavyosogezwa kila asubuhi. Wale wa mayai aliwapa gari lao, linalofuata ng'ombe kwa tofauti ya siku tatu hivi, wakati mabuu ya nzi yamenenepa ndani ya mavi ya ng'ombe lakini hayajaota mabawa. Kuku huyachakura yote, na samadi inasambaa bila reki. Mwaka uliofuata Andy Lee akatoa kitabu kuhusu kibanda kidogo kinacholingana na tuta la mboga: kuku wanakaa juu ya tuta hadi magugu yaishe na mbolea itoshe, halafu wanasogea tuta la pili, na mkulima anapanda nyuma yao. Wasomaji waliokifurahia kama uvumbuzi walikuwa Marekani ileile yenye Little Compton.

Sasa vibanda vya namna hiyo vinaonekana pia katika bustani za Afrika Mashariki, vikiwa vimeundwa kwa mirunda, wavu wa kuku na kipande cha bati, na magurudumu mawili yaliyotoka kwenye toroli la ujenzi. Ardhi inafaa, majani hupatikana miezi mingi kuliko Rhode Island yenye theluji, na mbolea ya duka imepanda bei. Tatizo linalojitokeza Hosier hakuwahi kulitilia maanani sana juu ya vilima vyake vitupu. Banda ambalo mtu mmoja analisogeza asubuhi kwa mkono mmoja, watu wawili wanaweza kuondoka nalo usiku, likiwa na kuku ndani na kufuli bado limefungwa. Kwa hiyo jioni linakokotwa mara ya pili, kutoka kwenye matuta hadi chini ya dirisha la chumba cha kulala, na jogoo anawika alfajiri sentimita thelathini kutoka kwenye mto wa mwenye nyumba.